Fahamu: Mti unapobeba jina la nchi

Ukitoka Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, ukashuka hadi Mto Songwe na kuuvuka, umeingia Malawi. Umebadilisha nchi, na mti wa taifa pia.

Malawi walichagua mwerezi wa Mulanje, ambao kwa asili huota kwenye Mlima Mulanje tu duniani. Heshima haikuuokoa: wakata mbao haramu na moto wameumaliza karibu wote mlimani, na leo miche inapandwa upya.

Upande wetu wa Tanzania, mti wa taifa ni mpingo. Kiini chake cheusi ndicho Wamakonde wanachochongea vinyago, na ndicho viwanda vya Ulaya vinachotengenezea klarineti. Ila hukua taratibu mno. Kufikia umri wa kuvunwa huchukua miaka 70 au zaidi. Huko Kilwa, vijiji vyenye misitu yao vilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu mwaka 2009, na fedha za mauzo zikabaki kijijini. Kwangu mimi, hiyo ndiyo heshima yenye maana.

Marekani imekwenda mbali zaidi: majimbo yote 50 yana miti yao rasmi. Texas iliuchagua mpekani mwaka 1919.

Mkoa wetu wa Songwe, ambamo Ileje imo, ni mchanga, ulioanzishwa mwaka 2016. Kabla ya kuuchagulia nao mti wake kama majimbo hayo, tuwaulize wazee wa Ileje: upi wanaukosa mabondeni? Tuanze kwa kuupanda huo.