Mwalimu wa Mpira Afukuzwa Kazi: Je, Kutojua ni Udhuru?

Mzazi ampelekapo kijana wake shule ya bweni, humkabidhi kwa mtu. Humtazama mwalimu usoni, humsalimu, huzungumza naye habari za karo na godoro na sanduku, kisha hurudi nyumbani akijisemea moyoni, "Yule bwana ni mtu mwema, mwanangu yu salama." Na mara nyingi ni kweli, yule bwana ni mtu mwema. Lakini usiku, taa zikiisha kuzimwa, kijana hayuko tena mbele ya macho ya mwalimu. Yuko mikononi mwa wakubwa wa bweni.

Jambo hilo ndilo lililozusha kelele huko Marekani mwaka 2023, likamwondoa kazini mwalimu mmoja wa mpira aliyependwa na watu wengi. Habari zake zimeendelea miaka miwili na zaidi, hata mbele ya mahakama. Twazieleza hapa kwa sababu wazazi wengi wanaosoma gazeti hili wana watoto shuleni, mbali na nyumbani.

Chuo chenyewe ni Northwestern, chuo kikuu cha zamani kilichoanzishwa mwaka 1851. Kipo katika mji wa Evanston, kaskazini ya Chicago, kando ya ziwa kubwa la Michigan. Ni chuo cha wasomi, nacho kina timu ya mpira. Msomaji asidhani ni kandanda tuijuayo sisi. Mpira wa Kimarekani una umbo la yai, hushikwa na kukimbizwa mkononi, na wachezaji, 11 kila upande, huvaa kofia ngumu na kinga mabegani maana huangushana kwa nguvu sana. Wamarekani wanaupenda mno. Uwanja wa Northwestern wa siku zile ulichukua watu 47,000, wote wakija kuwatazama wanafunzi wakicheza! Kwa hiyo mwalimu wa timu ya chuo ni mtu mkubwa kweli kweli. Katika vyuo vingi hulipwa mshahara kupita hata mkuu wa chuo mwenyewe.

Mwalimu wa Northwestern alikuwa Bwana Pat Fitzgerald. Ni mtoto wa jimbo lile lile la Illinois. Alicheza hapo chuoni akiwa kijana, tena hodari. Mwaka 1995 timu hiyo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikichekwa, ilishinda hata ikapata kwenda California kucheza mchezo mashuhuri uitwao Rose Bowl. Haikuwa imefika huko tangu mwaka 1949. Fitzgerald mwenyewe hakucheza siku hiyo, maana alikuwa amevunjika mguu mnamo Novemba. Mwaka 2006 mwalimu wa timu alifariki ghafula kwa ugonjwa wa moyo, na chuo kikampa Fitzgerald kazi hiyo akiwa na miaka 31 tu. Akaishika miaka 17. Timu ilishinda michezo 110 chini yake na kushindwa 101. Hesabu hiyo si ya kutisha, lakini hakuna mwalimu wa Northwestern aliyepata kushinda michezo mingi kama hiyo. Mshahara wake ulipita dola milioni 5 kwa mwaka. Watu walimwona kama baba wa chuo.

Mwaka 2022 ulikuwa mbaya. Timu ilicheza michezo 12 ikashinda mmoja tu, nao ulichezwa ng'ambo, katika mji wa Dublin huko Ireland. Lakini ubaya mkubwa ulikuwa bado. Mwishoni mwa Novemba mwaka huo wakubwa wa chuo walipata malalamiko kutoka kwa mtu aliyeijua timu kwa ndani. Alisema kwamba wachezaji wapya wanateswa na wenzao wa miaka ya juu.

Mateso ya namna hiyo yanajulikana hata kwetu. Nani aliyesoma bweni asiyeyajua? Mtoto mpya huamshwa usiku, huimbishwa, hufulishwa nguo za wakubwa, hupigwa, huchekwa, na huambiwa kwamba hiyo ndiyo desturi ya shule. Ya Northwestern yalikuwa ya aibu zaidi. Chuo chenyewe kilikuja kukiri kwamba wachezaji 11, wa wakati ule na wa zamani, waliungama kuwa mateso yalikuwapo na yakiendelea, na kwamba yalikuwa na mambo ya kuvuliwa nguo na matendo machafu ya kumdhalilisha mtu. Mengine hayafai kuandikwa katika gazeti lisomwalo na watoto. Yatosha kusema kwamba mengi yalitendeka katika chumba cha kuvalia, na kwamba mchezaji mmoja wa zamani alieleza jinsi kijana aliyekosea mchezoni alivyokamatwa gizani na kundi la wenzake waliofunika nyuso zao.

Chuo kiliajiri mwanasheria kutoka nje achunguze. Uchunguzi ulichukua kama miezi sita, na watu zaidi ya 50 wakahojiwa. Ijumaa, tarehe 7 Julai 2023, matokeo yalitangazwa kwa muhtasari tu. Ripoti yenyewe haikutolewa. Muhtasari ulisema mambo mawili. La kwanza, kwa jumla madai ya mlalamikaji yana ushahidi. La pili, haukupatikana ushahidi wa kutosha kwamba walimu wa timu walijua, lakini nafasi za kuyagundua na kuyaripoti zilikuwa nyingi.

Maneno hayo ya mwisho tuyashike, maana ugomvi wote unazunguka hapo.

Adhabu ya kwanza ilikuwa hii: Bwana Fitzgerald asimamishwe kazi wiki mbili bila mshahara. Wiki mbili za mwezi wa Julai, wakati michezo haijaanza! Zaidi ya hayo, kambi ya mazoezi iliyokuwa ikifanyika mbali na chuo, katika mji wa Kenosha, ifutwe, na awekwe mtu wa kuangalia chumba cha kuvalia asiye chini ya amri ya walimu wa timu. Hiyo ya mwisho ilikuwa busara kweli. Kama ingalifanywa miaka kumi mbele, labda leo tusingalikuwa na habari ya kueleza. Lakini zile wiki mbili, kwa maoni yetu, zilikuwa kama kumpiga mtu kofi kwa unyoya.

Siku ya pili yake, Jumamosi, jambo likageuka. Wanafunzi wa chuo hicho wana gazeti lao, Daily Northwestern, linaloandikwa na wanafunzi wenyewe. Ndilo lililochapisha maelezo ya yule mchezaji wa zamani, hatua kwa hatua, bila kutaja jina lake. Tena lilimnukuu akisema kwamba mwalimu huenda alijua. Siku hiyo hiyo ikatoka barua kwa jina la timu nzima kumtetea mwalimu: madai yametiwa chumvi na kupotoshwa, naye mwalimu hakuhusika. Ndipo usiku mkuu wa chuo wa wakati huo, Bwana Michael Schill, akaandika kwamba pengine amekosea katika kupima adhabu. Jumatatu, tarehe 10 Julai, gazeti la wanafunzi likatoa habari nyingine, za wachezaji wa zamani waliosema kwamba walionja ubaguzi wa rangi katika timu miaka ya nyuma. Jioni hiyo Bwana Fitzgerald akafukuzwa kazi.

Siku tatu, na miaka 17 ikaisha.

Katika barua yake kwa watu wa chuo, Bwana Schill alikubali kwamba mchunguzi hakupata ushahidi wa kuaminika kuwa Fitzgerald alijua. Hata hivyo, akasema, mateso hayo yalijulikana kwa wengi ndani ya timu, na mwalimu mkuu ndiye hatimaye mwenye kujibu juu ya tabia za timu yake. Kwa maneno mengine: kama ulijua, una hatia, na kama hukujua, ilikupasa kujua.

Bwana Fitzgerald hakukubali. Mwezi wa Oktoba 2023 alikishtaki chuo na mkuu wake, akidai dola milioni 130 na zaidi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Ijumaa mlinipa adhabu yangu, nami nikaipokea. Jumatatu mkanipa nyingine kubwa kwa kosa lile lile. Kilichobadilika kati ya siku hizo ni nini, ila kelele za magazeti? Ni lazima tukiri kwamba swali hilo lina uzito. Mtu hapaswi kuhukumiwa mara mbili kwa sababu tu makelele yamezidi. Kama wakubwa wa chuo walikuwa na yote mikononi tangu Ijumaa, basi aibu ya zile wiki mbili ni yao kabla ya kuwa ya mtu mwingine.

Lakini tumfikirie na yule kijana. Ana miaka 18, ametoka kwao mara ya kwanza. Wengi wao karo yao hulipwa na chuo kwa sababu ya mpira. Mwalimu ndiye anayeamua nani acheze na nani akae pembeni. Wakubwa wa timu ndio watakaomlinda uwanjani, au wasimlinde. Hao hao ndio waliomdhalilisha usiku. Aende kwa nani? Akisema, ataitwa mwoga na msaliti. Akinyamaza mwaka mmoja, mwaka wa pili atakuwa mkubwa naye, na wapya wengine watakuja. Hapo ndipo ubaya wa desturi hii ulipo: aliyeteswa jana hukabidhiwa fimbo leo, na siku aliyoishika fimbo hana tena kinywa cha kushitaki. Ndiyo maana yaweza kuendelea miaka mingi katika nyumba yenye wazee, ingawa twasema penye wazee haliharibiki neno.

Wengine watasema, vijana ni vijana, na timu haijengwi bila taabu kidogo. Taabu ya kukimbia juani ni sawa. Kumvua mwenzako nguo gizani akilia hakujamfundisha mtu kukimbia.

Na mwalimu je? Mwalimu wa namna hiyo hujua mambo mengi. Hujua kijana anakula nini, ana uzito gani, amelala saa ngapi, goti lake la kushoto lina nini. Wachezaji wake karibu 100 huwajua kwa majina, na mara nyingi wazazi wao pia. Twaweza kuamini kabisa kwamba hakuna aliyemwendea Bwana Fitzgerald na kumwambia. Lakini swali la kumuuliza mwalimu yeyote ni jingine: kwa nini hawakuja? Vijana wengi namna hiyo, miaka mingi namna hiyo, wala hata mmoja hakuona kwamba mlango wa baba huyu unaweza kubishwa usiku. Mtu aweza kuwa hana hatia mahakamani, na swali hilo likabaki limesimama mlangoni pake.

Kesi haikufika mbele ya baraza la kuhukumu. Agosti 2025 pande mbili zilipatana, na kiasi cha fedha hakikutangazwa. Chuo kilitoa tamko kwamba ushahidi uliokusanywa haukuthibitisha kuwa mchezaji yeyote alimpelekea Fitzgerald habari za mateso, wala kwamba yeye aliyaruhusu au kuyaamuru. Kilisema tena kwamba alipoonyeshwa yaliyotendeka alihuzunika sana. Naye Fitzgerald alisema amesafishwa jina. Lakini katika maneno yake mna jambo ambalo hakulisema tangu mwanzo: kwamba katika kuichunguza kesi yake mwenyewe amejua kuwa mateso mengine kweli yalitendeka katika timu yake, na amesikitika kwamba hakuna aliyemwambia ili ayakomeshe.

Timu yenyewe haikufa. Msaidizi aliyekuwa mgeni hapo, Bwana David Braun, aliyefika mwezi wa Januari 2023 tu, alipewa kushika usukani, na mwaka huo huo timu iliyokuwa imeshinda mara moja ikashinda mara 8. Wachezaji wengi walikuwa wale wale. Mwezi wa Desemba 2025 Bwana Fitzgerald naye alipata kazi tena, ya kufundisha timu ya Chuo Kikuu cha Michigan State.

Serikali ya Marekani pia ilichukua hatua, maana Northwestern haikuwa peke yake; katika vyuo vya nchi hiyo vijana wamekufa kwa mateso ya kuwakaribisha wapya. Desemba 2024 Rais Biden alitia sahihi sheria inayovilazimisha vyuo kuhesabu matukio hayo kila mwaka katika taarifa zao za usalama, na kutangaza kwa jina kila kikundi cha wanafunzi kilichopatikana na hatia, iwe timu ya mpira au chama kingine. Jina la mtoto aliyeteswa haliandikwi. Taarifa hizo huwekwa wazi, na mzazi yeyote aweza kuzisoma kabla hajafunga sanduku la mwanawe.