Agosti Mosi, Sikukuu ya Omena

Kutoka kwangu Muthangari, Nairobi, hadi soko la Kawangware natembea kwa miguu. Pale yuko mama mmoja ambaye kwa miaka nimekuwa nikinunua omena kwake. Kabla ya kunipimia gorogoro hunimwagia kiganjani chache nionje, nami hutafuna vivyo hivyo, mbichi. Meno yakikuta mchanga, najua ilianikwa chini. Ikiwa safi, ubavu bado unang'aa kama fedha, najua ilikaushwa juu ya nyavu kuukuu au kichanja. Ikifika Mei namuuliza, "Mama, hii ni ya wapi?" Naye hanifichi: "Ya Mwanza, mwanangu. Ya kwetu ngoja Agosti."

Kwa miaka mingi Kenya imekuwa ikifunga uvuvi wa omena kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, samaki apate kuzaliana. Watanzania humwita dagaa, Waganda mukene. Ni samaki asiyezidi urefu wa kidole, na maisha yake ni mafupi, kwa hiyo miezi minne ya kuachwa ni mingi kwake. Kwetu watu wa Ziwa Victoria, miezi hiyo ni deni la dukani, karo iliyochelewa na injini iliyofunikwa turubai. Ndiyo maana Agosti mosi naiita sikukuu, ingawa haimo kwenye kalenda ya serikali wala haina jukwaa la wageni waheshimiwa.

Mwaka 2023 nilitaka kuiona kwa macho yangu. Nikampigia shangazi simu kule Mbita, kando ya ziwa, kumwambia nakuja. "Umeangalia mwezi?" akaniuliza. Omena huvuliwa gizani. Taa huelea majini, zamani karabai za mafuta taa, siku hizi nyingi ni za sola. Vijidudu vya ziwani hufuata mwanga, omena hufuata vijidudu, ndipo wavu unapozungushwa. Mwezi ukijaa, ziwa lote linang'aa na taa haina nguvu ya kuita kitu. Agosti mosi ya mwaka ule iliangukia mwezi mpevu. Baada ya miezi minne ya kungoja, watu wakakaa kushona nyavu na kungoja tena.

Mwaka 2024 mwezi ulikuwa umebaki ukucha. Nikaenda. Jioni mitumbwi ilipoondoka, wanawake walikuwa wamekwisha kutandaza nyavu ufuoni na kufagia, kila mmoja akijua mahali pake. Usiku taa zilisimama ziwani kwa mstari, tangu upande wa kisiwa cha Rusinga hadi macho yaliposhindwa. Hakuna aliyelala. Chai ilichemka hadi alfajiri, na mitumbwi ilipogusa mchanga ilikuwa beseni kwa beseni, bei ikitajwa kwa sauti, watoto wakiokota zilizodondoka, yangeyange wakigombania zilizobaki. Shangazi alimwaga beseni lake la kwanza juu ya wavu, akapiga magoti na kuzitawanya kwa viganja, taratibu, kama anayetandika kitanda cha mtoto. Muda wote alikuwa anatazama mawingu. Mvua ikinyesha kabla hazijakauka, zinaharibika na kuuzwa kwa wasagaji wa chakula cha kuku. Inaniuma kwamba sehemu kubwa ya omena huishia huko, chakula ambacho kingejenga mifupa ya watoto wetu.

Kufungua uvuvi kuna sherehe kwingine pia. Kule Argungu, kaskazini-magharibi mwa Nigeria, mto hufungwa usivuliwe, kisha siku ya tamasha maelfu huingia majini kwa pamoja. Tamasha hilo lilianza 1934, na mwaka 2016 UNESCO ililiweka kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu. Sisi pia tuna kufunga na kufungua. Kenya ina asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, Uganda 43 na Tanzania 51, na samaki hajui mpaka. Mvuvi wa Mbita anayeweka wavu chini tangu Aprili, huku ng'ambo wenzake wanavua, anastahili ngoma, na anastahili msaada wa chakula miezi hiyo.

Nilirudi Nairobi na gorogoro mbili. Moja nilimpelekea yule mama wa Kawangware. Alitia chache kinywani, akatafuna polepole akisikiliza meno yake, kisha akaniuliza: "Hii ni ya ufuo gani?"