Sabuni Yako Inaisha Kabla Wiki Iishe? Wasee wa Kitui na Makueni, Hii Ni Yenu

Kama umewahi kupanga keja Kitui ama Wote, hii stori unaijua. Jumatatu unanunua Geisha mpya, Ijumaa imebaki uji kwa kisahani. Unaanza kushuku roommate anaogea sabuni yako. Poa, inawezekana. Lakini mara nyingi mwizi ni maji.

Mimi nilijua hii kitu nikiwa chuo Kitui, kabla niachane na masomo. Doh ilikuwa ya kuhesabu, na bado nilikuwa nanunua sabuni kila wiki. Siku moja nikaenda kwa susu Mwingi, nikaona kipande chake kigumu kama jiwe. Kumbe alikuwa nacho tangu mwezi uliopita! Alinicheka, halafu akanionyesha vile hufanya.

Maji ya chumvi ndiyo noma

Visima vingi Ukambani vina maji ya chumvi, na mara nyingi hayo maji yamejaa kalsiamu na magnesiamu. Sabuni ikikutana na hayo madini, haitoi povu. Inashikana nayo na kuwa ule utando mweupe unaganda kwa beseni na kwa ngozi yako. Kwa hivyo unasugua na kusugua, na nusu ya sabuni inaisha ikipigana na madini kabla ikuoshe wewe. Ule mwasho na ukavu baada ya kuoga? Utando ukibaki kwa ngozi unaweza kuleta hiyo.

Maji ya mvua hayana hayo madini, so povu inakuja chap chap. Kama ploti yenu iko na gata na tangi, mvua ya Oktoba hadi Disemba usiiache ipite hivi hivi. Si lazima uoge nayo yote. Jilowanishe na maji ya kisima, kisha tumia ya mvua kutengeneza povu na kujisuuza mwisho. Jagi mbili tatu zinatosha.

Iache ikauke

Sabuni huwa na glisirini, na glisirini hupenda kuvuta maji. Kipande kikikaa kwa maji kinavimba, kinalainika, na kesho yake kinatoka mkononi kama ugali mbichi. Kwa hivyo:

- Usiiache ndani ya beseni ukioga. Paka, toa, weka kando.
- Kisahani kiwe na mashimo chini. Huna? Kata chini ya chupa ya plastiki, itoboe na msumari wa moto.
- Ama chukua neti ya vitunguu, tia sabuni ndani, ning'iniza kwa msumari. Inakauka pande zote, na ukitaka unajisugulia hapo hapo.
- Kata kipande mara mbili. Tumia nusu, nusu nyingine ikae pakavu. Hiyo ya akiba itoe kwa karatasi, izidi kukauka na kuwa ngumu.
- Iweke mbali na panya. Sabuni hutengenezwa na mafuta, na panya wa ploti wanajua hiyo siri kitambo.

Pia, usijipake kipande moja kwa moja mwili mzima. Paka kwa kitambaa kilicholowa, toa povu, jisugue nayo. Utashangaa vile kidogo kinatosha.

Na kushare je?

Hapa watu hubishana sana. Mwaka wa 1988 watafiti Marekani walichukua sabuni za kipande, wakazipaka bakteria makusudi, halafu wakawapa watu 16 wanawe mikono nazo. Walipopima mikono, hawakupata hizo bakteria. Sabuni na maji vinazibeba zikaenda.

Lakini usichukulie hiyo kama ruhusa ya kila kitu. Kama mtu ako na kidonda ama ugonjwa wa ngozi, kila mmoja awe na kipande chake. Na kabla uoge na ya mwenzako, isuuze kwanza. Zile nywele kwa sabuni hazifurahishi mtu.

Susu hakuwahi kusoma kuhusu kalsiamu. Lakini sabuni yake iko kwa neti, nyuma ya mlango, na ndoo ya mvua imefunikwa kando. Wewe uko na simu na bando, na bado unaogea uji. Leo jioni anza na hiyo neti tu. Ile pesa ya sabuni ya kila wiki utaona imebaki kwa mfuko.