Pete Mguuni mwa Ndege

Kila mwaka, ndugu msikilizaji, wapenzi wa ndege hufunga safari hadi kaskazini kabisa mwa Norway, ambako mwezi Juni jua halizami. Huwanasa ndege kwa nyavu nyembamba, huwapima, huwavisha pete nyepesi mguuni, kisha huwaachia. Mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, ndiye aliyeanzisha utaratibu huu mwaka 1899.

Kila pete ina namba yake na anwani. Lakini namba hiyo ni bubu mpaka ndege aonekane tena. Na baadhi ya ndege hao hukimbilia huku kwetu Afrika, kukwepa baridi.

Basi, ukimkuta ndege aliyekufa mwenye pete, usimshike kwa mkono mtupu. Nakili namba, mahali na tarehe, uandikie anwani hiyo. Ukinyamaza, jasho lao limepotea bure.