Mtandao usio na waya dukani: nafuu ya gharama, au mlango wa hasara

MFANYABIASHARA anayeongeza kompyuta ya pili dukani hukabiliwa na swali moja mapema: zitawasilianaje? Kutandaza waya kutoka kaunta hadi stoo ni gharama, na katika fremu ya kupanga mwenye nyumba huenda asikubali kuta zake zitobolewe. Ndiyo maana wengi huchagua mtandao usio na waya, yaani Wi-Fi. Uamuzi huo una nafuu yake. Hata hivyo, mtandao uliofungwa ovyo unaweza kumgharimu mwenye duka kuliko waya alioukwepa.

Mtandao huu hutumia mawimbi ya redio. Viwango vyake vya kwanza vya kiufundi, vinavyojulikana kwa namba 802.11, vilitolewa na taasisi ya wahandisi ya IEEE mwaka 1997, na kasi yake ilikuwa megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 kasi hiyo ilifikishwa megabiti 11, na vifaa vya sasa huhesabu kwa mamia. Kwa duka la kawaida, basi, kasi ya mtandao wa ndani si kikwazo tena. Kikwazo ni mpangilio.

Njia tatu za kuunganisha

Njia ya kwanza ni kutumia simu ya mkononi kugawa intaneti kwa kompyuta. Hakuna kifaa cha kununua, na inafaa kibanda chenye kompyuta moja. Kasoro yake ni kwamba mwenye simu akitoka, mtandao nao unatoka.

Njia ya pili, na ndiyo ya kawaida, ni kuweka ruta moja inayounganisha kompyuta, simu na printa zote za dukani. Mashine hizo zitaendelea kuwasiliana hata kifurushi cha intaneti kikiisha, kwa kuwa ruta yenyewe ndiyo inayozipitishia habari.

Njia ya tatu ni ya mwenye duka kubwa au ghala la nyuma. Huongezwa kituo cha pili cha kurushia mawimbi, kikaunganishwa na ruta kwa waya mmoja usiozidi mita 100. Vipo pia vifaa vya kurudia mawimbi visivyohitaji waya huo. Bei yake inavutia, lakini chenye redio moja hupunguza kasi kwa takriban nusu, kwa sababu kinapokea na kurusha kwa zamu.

Kabla ya kununua kifaa cha ziada, mwenye duka ajaribu kwanza kuhamisha ruta. Mahali pake ni juu, katikati ya jengo, mbali na mabati, rafu za chuma na majokofu. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali, lakini hugombewa na majirani. Ya gigahezi 5 yana kasi zaidi na hufika karibu. Katika majengo yaliyosongamana kama ya Kariakoo, inafaa kuchagua chaneli 1, 6 au 11 kwenye gigahezi 2.4, kwani hizo haziingiliani.

Hatua za kuweka

Kompyuta iunganishwe na ruta kwa waya mfupi kwa muda wa kazi hiyo. Kisha ifunguliwe programu ya kusomea kurasa za intaneti na kuandikwa anwani iliyobandikwa chini ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Hapo mambo manne yafanyike kwa mfuatano.

Kwanza, libadilishwe neno la siri la msimamizi wa ruta. Lile la kiwandani linajulikana na yeyote anayeijua aina ya kifaa hicho.

Pili, uchaguliwe ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ulinzi wa zamani wa WEP ulithibitika kuvunjika tangu mwaka 2001. Neno la siri la mtandao linaweza kuwa na herufi 8 hadi 63. Maneno manne yasiyohusiana ni bora kuliko jina la duka na mwaka lilipofunguliwa.

Tatu, izimwe huduma ya WPS, ile ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au kwa namba fupi. Udhaifu wa namba hiyo ulifichuliwa mwaka 2011.

Nne, uwekwe mtandao wa pili wa wageni, wenye neno lake la siri, na ruta iagizwe isiwaruhusu wageni hao kuzifikia kompyuta za duka.

Hasara inapoingilia

Hatua ya nne ndiyo inayopuuzwa, na ndiyo yenye fedha. Chukua mfano wa duka la jumla ambalo kompyuta ya stoo imeachia wazi faili la bei ili kaunta ilisome. Mteja anapopewa neno la siri atazame salio lake, simu yake inaingia katika mtandao uleule. Akiwa mjuzi, anaweza kuona bei ya kununulia, orodha ya wadaiwa na namba zao. Mfanyabiashara ambaye mshindani wake anaijua bei yake ya kununulia hana tena nafasi ya kupatana. Kwa Tanzania, suala hilo linagusa pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Hasara ndogo ni ya kifurushi. Jirani aliyelipata neno la siri hutazama video kwa fedha ya mwenye duka, na kifurushi cha mwezi hukatika katikati ya mwezi.

Wenye maduka wanashauriwa kubadili neno la siri kila mfanyakazi anapoondoka, na kusasisha programu ya ruta kila mtengenezaji anapotoa toleo jipya. Jaribio lisilo na gharama ni kusimama barabarani na simu isiyowahi kuunganishwa, kuona kama inaingia bila kuulizwa kitu.

Mali bila daftari hupotea bila habari, husema Waswahili. Siku hizi daftari lipo, ila limo ndani ya kompyuta. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha halisomwi na wapita njia.