Manemane ya Garissa na kifua kinachobana

Je, msomaji, umewahi kula ukashiba, kisha tumbo likajaa hewa, kiungulia kikapanda kooni na kifua kikabana kana kwamba umefungwa kamba? Wengi wetu hukimbilia maziwa au vidonge vya dukani. Huko China, tabibu wa jadi huenda akakuchanganyia dawa yenye utomvu ambao mfugaji wa Garissa anaujua tangu utotoni. Ni manemane, ambayo Wasomali huiita malmal.

Miti yake ni mifupi yenye miiba, nayo humea katika nyika za Garissa, Wajir na Mandera, zilizokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Utomvu huchuruzika kwenye gome, hukauka, na wachungaji huuokota wakiwa malishoni. Uko pia utomvu wa mti wa jamii hiyo hiyo uitwao hagar. Wafugaji huupaka ngamia ili kufukuza kupe, lakini sehemu kubwa huuzwa, na China ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa.

Biashara yenyewe si ya jana. Mwaka 1225, Zhao Rugua, ofisa aliyesimamia biashara ya bahari katika bandari ya Quanzhou, aliandika kitabu kuhusu bidhaa za ng'ambo, na ndani yake mna ubani na manemane.

Kwa nini basi tumbo na kifua vitibiwe pamoja? Wachina wa jadi husema kuna nguvu izungukayo mwilini, iitwayo qi. Ile ya tumbo yapasa kushuka. Ikipanda, mtu hucheua, hupata kiungulia na kwikwi. Ile ya ini ikikwama kwa hasira au mawazo mengi, mbavu na kifua hubana. Mkwamo ukidumu, damu nayo husimama na maumivu hudunga mahali pamoja. Hapo ndipo manemane huitwa kazini, kuisukuma damu. Haipewi peke yake. Tabibu Zhang Xichun, mwanzoni mwa karne ya 20, aliichanganya na ubani na mizizi ya aina mbili.

Lakini usikimbilie sokoni bado. Manemane ni chungu na ikiwa mbichi hutapisha. Wachina huikaanga kwa siki kwanza, hupima gramu 3 hadi 5, na humkataza mja mzito. Mwenye tumbo dhaifu huonywa ajihadhari. Kwa hiyo yule shangazi anayetafuna kipande kutuliza tumbo linalomchoma huenda anajiongezea taabu!

Daktari wa hospitali ana maelezo mengine. Kiungulia ni asidi ya tumbo inayopanda. Vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria waliogunduliwa na Barry Marshall na Robin Warren wa Australia mwaka 1982, ugunduzi uliowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Vingine huletwa na dawa za maumivu zinazomezwa ovyo. Vile vya bakteria hutibika kwa antibiotiki, na manemane haichukui nafasi yake.

Nawe unayekesha ukitafuna miraa, jua kwamba huharakisha mapigo ya moyo na kupandisha shinikizo la damu. Kifua kikibana, usiseme tu ni gesi. Maumivu yakienda mkononi, shingoni au kwenye taya, jasho jembamba likikutoka na pumzi ikikatika, huo huenda ni moyo. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, sawa na anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami. Aliye mjini Garissa ana hospitali ya rufaa karibu. Wa Hulugho au Liboi ana safari ndefu, hivyo asingoje kupambazuke.

Ukifika, mwambie daktari kila ulichokunywa, hata kama ni cha nyanya. Kwa anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, manemane inaweza kuvuruga kazi ya dawa hizo.