Idi Kubwa Nyumbani kwa Sahibu, Nizwa

Mtu wa pwani yetu anayealikwa na sahibu yake kwenda kula Idi Kubwa huko Omani, hasa katika miji ya bara kama Nizwa, aghalabu hudhani kwamba anakwenda kuhudhuria karamu ya siku moja. Kumbe karamu ile ina taratibu zake, kila siku na chakula chake, wala hapana nyumba iliyo tayari kuzitangua kwa ajili ya mgeni mwenye haraka.

Shughuli huanza kabla ya tarehe 10 ya Mfunguo Tatu, katika masoko yaitwayo habta, ambako mbuzi na ng'ombe huzungushwa kwa kamba mbele ya wanunuzi, huku dalali akinadi. Asubuhi ya Idi huliwa arsia, yaani wali uliopikwa na nyama ukapondwa hata ukalainika na kutiwa samli, ambao mlaji wa bokoboko hatauona mgeni. Baadaye huja mishikaki, ambayo haihitaji maelezo.

Lakini fahari ya Idi yao ni shuwa. Nyama hupakwa pilipili, thumu, iliki, karafuu, mdalasini na siki, hufungwa katika majani ya mgomba, kisha hutiwa katika mfuko wa makuti yaliyosukwa. Shimo la kuokea, lililojengwa ardhini, mara nyingi ni la mtaa mzima, hivyo kila nyumba huutia mfuko wake alama. Moto ukishakuwa makaa, wanaume huitumbukiza mifuko yote kwa pamoja na kulifunika shimo kwa haraka, kisha huziba kwa udongo kila upenyo wa moshi, maana hewa ikiingia moto huwaka tena na nyama za jirani wote huungua. Hukaa humo siku nzima, au hata mbili. Mimi nimekula nyama nyingi katika safari zangu, na sijaona iliyoishinda hiyo kwa ulaini. Ila kilichonipendeza zaidi ni kule kuaminiana kwa majirani, kila mmoja akiiacha sadaka yake katika shimo la wote.

Mgeni asistaajabu akisikia Kiswahili fasaha jikoni, kwani jamaa wengi waliokuwa Unguja na mrima walirejea Omani baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970, na lugha wakarudi nayo. Pamoja na hayo, adabu za barazani ni za huko: kikombe cha kahawa hupokelewa kwa mkono wa kulia, na asiyetaka tena hukitikisa kidogo kabla ya kukirudisha, la sivyo atamiminiwa tena na tena. Udi ukishapitishwa, mgeni ajue kikao kimekwisha, aage.

Basi atakayepata mwaliko huo na aombe ruhusa ya kutosha kazini, wala asikate tikiti ya kurudi kabla shimo halijafukuliwa.